Jukwaa la kukunja: anza na bawaba

Ukibuni jukwaa la kukunja la kupakia rangi, usianze na urefu. Anza na bawaba. Kazi yake ni kukunja tu. Kinacholizuia lisijikunje mtu akiwa juu ni pini nene ya chuma inayopenya fremu zote mbili, yenye klipu mwishoni. Ifunge kwa mnyororo mfupi, maana pini isiyofungwa haikawii kupotea, na fundi atachomeka msumari badala yake. Usisahau chuma cha mshazari. Bila hicho fremu huyumba hata iwe nzito vipi. Kimo cha sehemu ya kusimama kisizidi mara 3 ya upande mwembamba wa kitako. Magurudumu? Yawe na breki, na jukwaa lisisukumwe likiwa na mtu.