Herufi moja, sifuri moja

Ukipewa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, usiondoke dirishani. Simama hapo hapo ukisome herufi kwa herufi, na usiionee haya foleni iliyo nyuma yako. Cheti kikisema Athuman na shule ikaandika Athumani, utaikumbuka siku hiyo miaka mingi baadaye, mtoto akiomba kitambulisho cha taifa cha NIDA au mkopo wa chuo na kuambiwa majina hayalingani. Hapo tena ni wakili, hati ya kiapo, na nauli za kwenda na kurudi. Sisi tunaochanganya "r" na "l" ndio tuwe macho zaidi: Zulfa na Zurfa masikioni ni mtu mmoja, kwenye kompyuta ni watu wawili.

Kwenye hesabu, mtego ninaouona zaidi ni wa marumaru. Chumba cha mita 4 kwa 3 kina mita za mraba 12. Mtu anashika kipande cha sentimita 40 kwa 40, anagawa 12 kwa 0.4, anapata vipande 30. Kumbe kipande hicho ni mita za mraba 0.16 tu, kwa hiyo vinahitajika vipande 75, na vichache vya ziada maana vingine vitavunjika. Kaa na fundi mpige hesabu kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

Na ukituma pesa kwa simu, hesabu sifuri kwa kidole. 50,000 na 500,000 zinafanana sana jioni ukiwa umechoka.