Jinsi ya kufuatilia uchaguzi wa rais wa Marekani bila kuchanganyikiwa

Hapa Tanga kila Wamarekani wakipiga kura, vijiwe vya kahawa vya Ngamiani vinawaka, na bishano ni lile lile, mmoja anasema Hillary Clinton aliibiwa 2016 maana alimzidi Trump kura karibu milioni 3, mwenzie anamjibu kashindwa kihalali, wanapandishiana sauti mpaka kahawa inapoa. Namba wanazotaja wote ni za kweli, ila kila mmoja anahesabu kitu chake. Ngoja niwaelekeze jinsi ya kuhesabu ili 2028 tukae tubishane vizuri.

Kwanza weka pembeni mtindo wetu. Kwetu kura ya mtu wa Pangani na ya mtu wa Mwanza zinaingia kapu moja, mwenye nyingi ndo rais, Tume inatangaza, kwisha. Kule hakuna kapu moja, na wala hakuna tume moja ya taifa ya kutangaza mshindi. Kuna majimbo 50 na jiji la Washington DC, kila mmoja anahesabu kivyake, na mwananchi akiweka tiki kwa mgombea kiukweli anachagua kundi la watu wanaoitwa wajumbe wa uchaguzi. Hao ndo wanaompigia kura rais.

Wajumbe wote ni 538. Kila jimbo linapewa idadi sawa na wabunge wake wa Baraza la Wawakilishi, unajumlisha na maseneta wake wawili, na DC wana 3. Ndo maana California ina 54, Texas 40, Florida 30, halafu kajimbo kama Wyoming kana 3 tu. Anayefika 270 kamaliza kazi.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapopotelea, kwa hiyo nendeni nami taratibu. Karibu majimbo yote, anayeongoza anazoa wajumbe wote wa jimbo hata kama kamzidi mwenzie kura moja. Chukulia mkoa wetu ungekuwa nchi na tunafanya hivyo kwa wilaya tatu, Muheza wajumbe 5, Korogwe 5, Lushoto 8. Mgombea A anashinda Muheza kwa kura 100 tu, Korogwe kwa kura 100 tu, halafu Lushoto anapigwa vibaya, anaachwa kwa kura 40,000. Jumla ya kura yuko chini kwa 39,800, lakini wajumbe anao 10 na mwenzie 8. A ndo rais! Ndicho kilichotokea 2016, Clinton alishinda California kwa mamilioni na hizo kura za ziada hazikumuongezea mjumbe hata mmoja, wakati Michigan, Wisconsin na Pennsylvania zilimponyoka kwa tofauti ndogo. Mwaka 2000 ilikuwa kali zaidi, George W. Bush alichukua Florida nzima kwa kura 537 na akaingia Ikulu na wajumbe 271, na Al Gore alikuwa mbele kwa kura za nchi nzima. Maine na Nebraska tu ndo wanaogawa wajumbe wao kwa wilaya za ubunge.

Kwa hiyo usiku wa matokeo chora karatasi yako safu tatu, huyu, yule, na majimbo yasiyotabirika. Usijisumbue na California wala Texas, kule mwelekeo unajulikana miaka mingi. Macho yako yawe kwenye hiyo safu ya tatu. Mwaka 2024 yalikuwa 7, Pennsylvania 19, Georgia 16, North Carolina 16, Michigan 15, Arizona 11, Wisconsin 10 na Nevada 6. Trump aliyazoa yote saba akamaliza na 312 dhidi ya 226 za Kamala Harris. Ile namba ya kura za nchi nzima inayopita chini ya tivii iache ipite, haimpi mtu urais.

Muda nao uujue. Vituo vya mashariki vingi vinaanza kufungwa saa 9 usiku kwa saa zetu, California ni saa 1 asubuhi, kwa hiyo ukilala mapema ukaamka alfajiri hujakosa kitu kikubwa. Na televisheni zikisema fulani kashinda, hayo ni makadirio ya vyombo vya habari, sio tangazo rasmi. Wajumbe wenyewe wanakutana Desemba kila mmoja jimboni kwake, kura zao zinahesabiwa mbele ya Bunge lao tarehe 6 Januari, anaapishwa tarehe 20.

Mimi huu mtindo siupendi na sitaficha. Ulipangwa 1787, na mojawapo ya mambo yaliyouzunguka ni majimbo ya kusini kuhesabiwa watumwa wao ili yapate wajumbe wengi, wakati mtumwa mwenyewe kura hana. Mpaka leo ukigawa watu kwa wajumbe, kura ya mtu wa Wyoming ina uzito karibu mara nne ya mtu wa California. Mtu ni mtu, hiyo haijakaa sawa.

La mwisho, ikitokea sare 269 kwa 269, usitangaze marudio kijiweni maana hakuna. Baraza la Wawakilishi ndo linachagua rais, lakini kila jimbo linapata kura moja tu, California moja na Wyoming moja, na zinatakiwa 26. Makamu anachaguliwa na Seneti, kwa hiyo rais na makamu wanaweza kabisa kutoka vyama tofauti.