Namna ya Kulisoma Jiwe la Mwezini Ukilikuta Makumbushoni

Kati ya mwaka 1969 na 1972, wanaanga wa safari sita za Apollo walirejea na kilo 382 za mawe na vumbi la Mwezini. Sehemu kubwa imehifadhiwa Houston, Marekani, ndani ya makabati yaliyojazwa naitrojeni, ili unyevu na oksijeni ya hewa yetu visiiharibu. Hata hivyo vipande kadhaa vimesambazwa katika makumbusho ya nchi nyingi. Ukibahatika kukuta kimoja, usianze na jiwe lenyewe, bali tafuta kwanza namba yake.

Namba hiyo huwa na tarakimu tano. Ikianza na 10, jiwe lililetwa na Apollo 11; ikianza na 12, 14 au 15, hizo ndizo namba za safari zenyewe; lakini Apollo 16 hutambulishwa kwa 6 peke yake, na Apollo 17 kwa 7. Kwa namba hiyo wataalamu hufuatilia mahali jiwe lilipookotwa na kila kipande kilichokatwa kutoka kwake. Naipa namba uzito huu kwa sababu macho hudanganyika: mwaka 2009 ilibainika kwamba kipande kilichotunzwa na Rijksmuseum ya Amsterdam kama jiwe la Mwezini kilikuwa mti uliogeuka jiwe.

Baada ya hapo tazama rangi. Jiwe la kijivu kizito, mara nyingi lenye vitundu vilivyoachwa na gesi, ni basalti, yaani lava iliyoganda katika yale mabonde tunayoyaona kutoka duniani kama madoa meusi. Jeupe ni anothositi ya nyanda za juu, mfano wake maarufu ukiwa jiwe namba 15415, lenye umri unaozidi miaka bilioni 4. Ukiona vipande vya rangi mbalimbali vilivyoshikamana, hiyo ni brekshia: mawe yaliyovunjwa na mishindo ya vimondo, kisha yakaunganishwa na mishindo hiyo hiyo.

Hatua ninayoipenda kuliko zote huhitaji kikuza na subira. Omba uonyeshwe upande ambao haukukatwa, uuchunguze polepole. Kwa kuwa Mwezi hauna hewa ya kuukinga, chembe ndogo kuliko punje ya mchanga huupiga kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, na kila chembe huacha kishimo kilichotandikwa kioo kilichotokana na jiwe kuyeyuka. Upande uliofukiwa udongoni hauna alama hizo. Kwa hiyo vishimo vikisongamana upande mmoja na kukoma ghafla kwenye mstari fulani, mstari huo ndio uliokuwa usawa wa udongo, na juu yake ndipo jiwe lilipotazama anga.