Kabla ya kujaza vyuo vya biashara: maandalizi kwa mhitimu wa Mtwara na Lindi

Anza na cheti cha kidato cha nne, kisha ndiyo uje kwenye cha sita. Vyuo vingi vinavyotoa shahada za biashara, uhasibu na fedha humdai mwombaji ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne kama hakulichukua somo hilo kidato cha sita. Mwenye F ya Hisabati anaweza kuwa na alama nzuri za Uchumi na Biashara na bado mfumo ukamwacha nje, huku ameshalipia maombi vyuo vitatu.

Kwa kidato cha sita, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kiwango cha chini cha kawaida ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4: D mbili zinatosha, C na E zinatosha, D na E hazitoshi. Masomo hayo mawili lazima yawe kati ya yale yaliyotajwa kwenye kozi husika. Wa stashahada huanzia GPA 3.0. Sharti la kila kozi limo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha mwaka husika. Soma mstari wa kozi yako wote, maana kozi mbili za chuo kimoja hutofautiana. Angalia na kampasi. TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania) ina kampasi Mtwara mjini, lakini kuwepo kwa kozi Dar es Salaam hakumaanishi ipo na huku.

Sasa fedha, ambako ndiko mipango mingi huvunjikia. Ada ni sehemu tu. Andika hesabu ya mwaka mzima: ada, michango ya usajili, bima ya afya, chumba, chakula, nauli, na gharama za fildi (mafunzo kwa vitendo). Anayekwenda Dar kutoka Mtwara mjini ana takriban kilomita 560 za basi, kwenda na kurudi kila likizo, na masika barabara ya Kibiti–Lindi huweza kukatika kama ilivyotokea Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya. Wenye vyumba vya kupanga Dar hupenda kodi ya miezi 3 hadi 6 kwa mkupuo. Kwa kipimo cha shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi ya mwezi mmoja ni 300,000, na mwaka wa kwanza usihesabu boom (fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi) kuwa itakukuta getini: lazima usajiliwe kwanza, kisha usaini, ndipo fedha zitoke.

Kwa familia inayotegemea korosho, ugumu uko kwenye kalenda. Minada huanza karibu na Oktoba, na malipo kupitia AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) huchukua muda kumfikia mkulima. Usajili chuoni nao huangukia Oktoba au Novemba. Kwa hiyo fedha ya kuanzia itoke kwenye msimu uliopita, au uliza mapema kama chuo kinapokea ada kwa awamu na awamu ya kwanza ni asilimia ngapi.

Maombi ya mkopo yana maandalizi yake. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na cha kifo pia kwa aliyefiwa na mzazi. Linganisha majina herufi kwa herufi: "Salehe" kwenye cheti cha kuzaliwa na "Swalehe" kwenye matokeo ni watu wawili kwa mfumo, na kurekebisha huchukua muda mrefu kuliko dirisha lenyewe la maombi. Kozi za biashara kwa kawaida hazimo kundi la kwanza la kipaumbele, basi piga hesabu kana kwamba utapata sehemu tu.

Hapo ndipo uulize chuo gani. Anayelenga CPA (cheti cha kitaaluma cha uhasibu) aulize kozi yake inamwondolea mitihani ipi ya NBAA, bodi ya wahasibu. Wa ununuzi na ugavi aulize vivyo hivyo kwa bodi ya taaluma hiyo, PSPTB. Anayetaka kufanya kazi na ushirika akitazame Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kwa makini, kozi zake zinaendana na AMCOS na vyama vikuu vya huku. Mwenye duka au ajira asipuuze Chuo Kikuu Huria, mradi ana nidhamu ya kusoma peke yake. Kwa maoni yetu, uhasibu uliosomwa Mtwara hadi mwisho, ukila nyumbani, unazidi jina kubwa la Dar unaloliahirisha mwaka wa pili kwa kukosa ada.

Tuma maombi kwa namba yako ya simu na barua pepe yako, usitumie ya mwenye steshenari. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye simu hiyo, na muda wa kuthibitisha ni mfupi. Kontro namba ya ada nayo itoke ndani ya akaunti yako ya chuo. Ya kutumiwa WhatsApp usiilipe.