Kompyuta Inawaka Kimya: Namna ya Kutafuta Milio ya Kuwasha na Kuzima Iliyopotea

Mtu akigundua kwamba kompyuta yake imeacha kutoa ule mlio wa kuwaka au wa kuzima, mara nyingi hudhani kwamba spika zimekufa au draiva ya sauti (programu inayouwezesha mfumo kuendesha kifaa cha sauti) imeharibika, akaanza kufuta na kusakinisha upya vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote. Kwa uzoefu wangu, ni nadra kukuta kitu kimeharibika. Ama mlio wenyewe uliondolewa na waliotengeneza mfumo, ama upo lakini umezimwa, ama unapigwa mahali ambapo hakuna wa kuusikia. Hali hizi tatu hazitibiwi kwa njia moja, na ile ya kwanza haina tiba ndani ya mipangilio hata ukiitafuta usiku kucha. Kwa hiyo anza kwa kujua uko katika hali ipi.

Anza na toleo la Windows. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Kidirisha kitakachotokea kitakutajia toleo. Swali hili lina uzito kwa sababu ya historia ya milio hii. Kuanzia Windows 95, ambayo mlio wake wa kuwaka wa takriban sekunde 6 ulitungwa na mwanamuziki Brian Eno, hadi Windows 7, kompyuta ilikuwa na mlio wa kuanza na mlio wa kumaliza, na yote miwili ungeweza kuikuta kwenye dirisha la mipangilio ya sauti. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mlio wa kuwaka ulibaki ndani ya mfumo ukiwa umezimwa, na milio ya kuingia, kutoka na kuzima iliondolewa kwenye orodha. Windows 10 ikafuata njia hiyohiyo. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ilirudisha mlio wa kuwaka, ukiwa mpya na mpole zaidi, lakini haikurudisha wa kuzima. Basi aliyehama kutoka Windows 7 kwenda 10 au 11 na kukosa mlio wa kuzima asihangaike na spika: hakuna kilichoharibika. Njia ya kuurudisha kwa mkono nitaieleza mwishoni.

Baada ya kujua toleo, hakikisha kwamba kompyuta inatoa sauti nyingine. Cheza wimbo au video yoyote. Kama hata hiyo haisikiki, tatizo lako si mlio wa kuwaka bali ni sauti nzima, na hapo ndipo draiva na huduma za mfumo zinapostahili kuchunguzwa: fungua services.msc kwa njia ileile ya kitufe cha Windows na R, uhakikishe kwamba "Windows Audio" na "Windows Audio Endpoint Builder" zinafanya kazi na kwamba aina ya kuanza kwake ni "Automatic". Kama wimbo unasikika vizuri, achana na draiva.

Sasa fungua dirisha la sauti. Njia za kulifikia zimebadilishwa karibu kila toleo, lakini amri moja imedumu tangu enzi za Windows XP hadi leo: bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Nenda kwenye kichupo cha "Sounds". Chini ya orodha ya matukio utaona kisanduku kilichoandikwa "Play Windows Startup sound". Kiwekee tiki, bofya "Apply", kisha uwashe upya kompyuta. Ukikuta kisanduku hicho kimefifia na hakikubali kuguswa, maana yake kuna sera iliyowekwa na msimamizi wa kompyuta, jambo la kawaida kwa mashine iliyowahi kuwa mali ya ofisi. Juu kidogo, mahali palipoandikwa "Sound Scheme", angalia pia kama haikuchaguliwa "No Sounds", kwa kuwa chaguo hilo hunyamazisha matukio yote yaliyomo kwenye orodha. Wanaotumia Windows 7 au XP watazame kama tukio la kuzima, "Exit Windows", lina alama ya spika kando yake. Kama halina, faili lake limeondolewa kwenye orodha, na unaweza kulichagua tena kwa "Browse" na kulisikiliza kwa "Test". Faili linalokubalika hapo ni la aina ya WAV pekee. Wimbo wa MP3 hautapigwa hata ukiubadilisha jina uishie na .wav, kwa maana jina halibadilishi kilichomo ndani.

Ikiwa tiki ipo na bado kompyuta inawaka kimya, fanya jaribio dogo ambalo ningependa kila mtu alifanye kabla ya kugusa kitu kingine. Kwanza chagua "Restart" na usikilize. Kisha izime kwa "Shut down", iwashe kwa kitufe chake, na usikilize tena. Kama mlio unasikika mara ya kwanza na hausikiki mara ya pili, umeshamkamata mhusika: ni utaratibu wa kuwaka kwa haraka, unaoitwa "Fast startup".

Utaratibu huu uliingia pamoja na Windows 8, na kuuelewa kunaeleza mambo mengi yanayoonekana kama uchawi. Ukichagua "Shut down" ilhali umewashwa, Windows humtoa mtumiaji na kufunga programu zake, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva hakifungwi. Hali yake huandikwa kwenye diski, ndani ya faili liitwalo hiberfil.sys. Ukiiwasha kompyuta kesho yake, mfumo hauanzi upya bali husoma faili hilo na kuendelea pale ulipoachia. Kwa mtazamo wake, haujawaka. Umeamka tu kutoka usingizini, na mlio wa kuwaka hupigwa kwa kuwaka kamili. "Restart", kinyume na wanavyodhani wengi, ndiyo inayofunga kila kitu na kuanza mwanzo kabisa. Hii ndiyo sababu mafundi husisitiza "Restart" hata kwa mtu anayeapa kwamba aliizima kompyuta jana.

Ili kuuondoa, fungua "Control Panel", ingia "Power Options", kisha "Choose what the power buttons do". Visanduku vilivyo chini vitakuwa vimefifia hadi ubofye maandishi ya "Change settings that are currently unavailable" yaliyo juu yake. Ondoa tiki kwenye "Turn on fast startup", kisha hifadhi. Kompyuta yenye diski ya SSD haitachelewa sana kwa mabadiliko haya. Yenye diski ya zamani inayozunguka itachelewa, na hapo ni juu yako kuamua kama mlio unastahili kungojewa. Asiyetaka kubadilisha chochote anaweza kushikilia kitufe cha Shift anapobofya "Shut down", na kwa mara hiyo moja kompyuta itazima kabisa. Kuna wanaoshauri amri ya powercfg /h off. Ni kweli huondoa utaratibu huu, lakini huondoa pia uwezo wa kuilaza kompyuta kwa kuhifadhi kazi kwenye diski, kwa hiyo mimi siipendekezi kwa anayetumia kompyuta mpakato.

Jaribio lile likionyesha kimya mara zote mbili, tafuta mahali sauti inakokwenda. Hapa nina ungamo. Niliwahi kumaliza jioni nzima nikifuta na kurudisha draiva ya sauti, nikiamini kwamba imeharibu mlio wa kuwaka, kwa sababu muziki ulikuwa ukisikika vizuri kila nilipoujaribu. Kumbe spika nilizotumia kwa muziki zilikuwa za Bluetooth, nazo huunganishwa baada ya mimi kuingia kwenye akaunti, ilhali mlio wa kuwaka hupigwa mapema zaidi, wakati skrini ya kuandikia nywila inapotokea. Katika dakika hiyo kompyuta ilikuwa ikipeleka sauti kwenye skrini kupitia waya wa HDMI, na skrini ile haikuwa na spika. Mlio ulikuwa ukipigwa kila asubuhi. Haukuwa na pa kutokea tu.

Kwa hiyo, katika dirisha lilelile la mmsys.cpl, nenda kichupo cha "Playback" na uone ni kifaa gani chenye tiki ya kijani. Chagua spika zilizounganishwa kwa waya au zile za ndani ya kompyuta, kisha bofya "Set Default". Vifaa vya HDMI usivyovitumia kwa sauti unaweza kuvibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Disable". Kuna pia spika zenye umeme wake ambazo hujilaza zisipopata sauti kwa muda, na zikiamka humeza sekunde ya kwanza au ya pili. Mlio mfupi huweza kumezwa wote. Hilo haliponywi na mpangilio wowote wa Windows. Angalia vilevile kwenye kichanganyio cha sauti, "Volume mixer", kama mstari wa "System sounds" haujashushwa hadi chini, kwani huo unaweza kunyamazishwa peke yake huku muziki ukiendelea kusikika.

Wanaotumia kompyuta za Mac wana hesabu nyepesi zaidi. Mac haina mlio wa kuzima, na ule wa kuwaka uliondolewa kwenye MacBook Pro za mwaka 2016. Toleo la macOS Big Sur la mwaka 2020 liliweka kisanduku cha "Play sound on startup" kwenye mipangilio ya sauti, na ndicho cha kukagua. Angalia pia kiwango cha sauti kabla ya kuzima, maana Mac iliyozimwa ikiwa imenyamazishwa huwaka kimya.

Tukirudi Windows, wapo watakaotaka mlio wa zamani badala ya ule uliowekwa. Mlio wa kuwaka haumo kwenye orodha kwa sababu tangu Windows Vista umefichwa ndani ya faili la mfumo liitwalo imageres.dll, na kulihariri faili hilo ni kujitafutia matatizo. Njia salama ni kuuacha uzimwe na kutumia kipangaji cha kazi, "Task Scheduler", kikupigie mlio wako pindi unapoingia. Tengeneza kazi mpya kwa "Create Task", weka kichochezi cha "At log on", na kwenye kitendo andika programu powershell.exe, yaani PowerShell, programu ya Windows ya kutekeleza amri za maandishi, pamoja na hoja hizi:

-WindowStyle Hidden -c "(New-Object Media.SoundPlayer 'C:\Windows\Media\Windows Logon.wav').PlaySync()"

Neno PlaySync lisipunguzwe kuwa Play. Play huanzisha sauti na kurudi papo hapo, PowerShell ikajifunga, na sauti ikakatwa kabla hujaisikia. PlaySync hungoja hadi mlio uishe. Na kwenye kichupo cha "Conditions" ondoa tiki ya kuanza pale tu kompyuta inapotumia umeme wa ukutani, la sivyo kompyuta mpakato inayotumia betri itanyamaza nawe utadhani umekosea kuandika.

Kuhusu mlio wa kuzima, ushauri unaozunguka sana ni wa kuingia kwenye rejista ya mfumo, yaani hazina ya mipangilio ya ndani ya Windows, na kubadilisha thamani ya ExcludeFromCPL kutoka 1 kuwa 0 chini ya matukio ya kutoka na kuzima. Ukifanya hivyo tukio la kuzima litarejea kwenye orodha, utalichagulia faili, utabofya "Test" na kulisikia. Lakini ukizima kompyuta, kimya. Orodha imerudi, ila kazi ya kuupiga mlio wakati wa kuzima haikurudi pamoja nayo.

Kinachofanya kazi ni kuupiga mlio kabla ya amri ya kuzima kutolewa. Fungua Notepad, andika mistari hii miwili:

powershell -c "(New-Object Media.SoundPlayer 'C:\Windows\Media\Windows Shutdown.wav').PlaySync()"
shutdown /s /t 0

Hifadhi kwa jina kama zima.bat, ukichagua "All files" mahali pa aina ya faili, vinginevyo Notepad italipa jina la zima.bat.txt na halitafanya lolote zaidi ya kufunguka kama maandishi. Liweke kwenye eneokazi na uwe unalibofya mara mbili unapotaka kuzima. Kama faili hilo la mlio halimo kwenye folda ya Media, andika njia ya WAV yoyote uliyo nayo. Sifuri iliyo mwishoni usiibadilishe kuwa idadi ya sekunde, kwa sababu muda ukizidi sifuri amri hii hufunga programu kwa nguvu, na barua uliyosahau kuihifadhi itapotea. Ikiwa sifuri, kompyuta itasimama na kukuuliza kwanza. Tena, shutdown /s ikiandikwa hivi huzima kikamilifu bila kufuata utaratibu wa kuwaka kwa haraka, kwa hiyo anayetumia faili hili atausikia mlio wa kuwaka kesho yake hata kama hakuondoa ile tiki. Ila kitufe cha kwenye mwili wa kompyuta hakipitii faili hili, na atakayezima kwa kukibonyeza hatasikia kitu.