Kusoma riwaya za ajabu saluni: tunavyofanya Majengo, Moshi

Rasta ndogondogo za kufika kiunoni huchukua siku nzima, na anayesukwa hana pa kwenda. Ndiyo maana nasema hakuna mahali pazuri pa kusomea hadithi ndefu kama saluni. Hapa kwetu Majengo wawili tunasuka, mmoja anasoma kwa sauti, na wanaosubiri zamu wanasikiliza. Tunasoma fantasia, yaani riwaya za majini, falme za kubuni na safari za angani, na tunachanganya na riwaya pendwa za upelelezi na mapenzi. Nitaeleza tunavyofanya. Ukitaka kuanzisha kwako, iwe saluni, kwa fundi cherehani au sebuleni, chukua kinachokufaa.

Anza na ya nyumbani. Kuna wateja wanaoniambia hadithi za kufikirika si zao, wao wanataka mambo ya kweli. Huwa nawauliza kwa nini, kati ya vilele vya Kilimanjaro, Mawenzi imechongoka vile wakati Kibo ni laini. Aliyekulia mlimani anajibu bila kufikiri: Mawenzi alikuwa akiachia moto wake uzimike, kila mara anakwenda kuomba kaa kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga na mchi. Basi huyo tayari ni mpenzi wa fantasia.

Halafu kuna Murile, hadithi ya Wachagga. Ukibahatika kumpata bibi anayeijua, acha kitabu pembeni umsikilize yeye. Kijana amekosana na mama yake, anakaa juu ya kigoda cha baba yake, anakiamuru kipae, nacho kinapaa naye mpaka mbinguni. Huko anakuta watu wanakula vyakula vibichi kwa sababu hawajui moto. Anawawashia, wanamlipa ng'ombe. Wakati wa kurudi, njia inamchosha, na fahali mmoja anakubali kumbeba kwa sharti moja: asije akala nyama yake. Nyumbani wazazi wanamchinja yule fahali, na mama anaficha mafuta yake ndani ya chakula cha mwanawe. Murile anaonja, ardhi inammeza. Mara ya kwanza iliposimuliwa hapa dukani, msichana aliyekuwa chini ya draya aliitoa kichwani ili asikie mwisho. Hadithi hiyo ina safari ya angani, mapatano na mnyama anayesema, na mama unayeshindwa kumchukia. Mtu akishaisikia, hawezi tena kuniambia kwamba mambo haya yametoka Ulaya.

Baada ya hapo tunaingia Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Ni kitabu chembamba, na nchi yenyewe inaelea angani. Lugha yake ni ya taratibu, kwa hiyo usiisome kwa kukimbia. Anayesoma apumue kila nukta. Karama, mshtakiwa wa hadithi hiyo, anaposimama mbele ya mfalme kujitetea, msomaji naye asimame. Utaona watu wazima wanavyonyamaza.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, yaani nani yumo ndani ya hadithi na amewekwa wapi. Mimi ni msusi, macho yangu huenda kwenye nywele kwanza. Ukitaka kujua mwandishi anawafahamu kiasi gani watu anaowaandika, tazama anavyoshughulika na vichwa vyao. Shujaa wa kike amevuka jangwa miezi mitatu, amelala mapangoni, amepigana na joka, na nywele zinapepea tu kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Nani alimchana? Alilala amejifunga nini? Mwandishi aliyewahi kukaa katikati ya magoti ya mama yake akisukwa twende kilioni hawezi kulisahau jambo hilo.

Kwa ajili hiyo ninakipenda sana Binti, kitabu kifupi cha Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Nigeria. Kilitoka 2015, kikashinda tuzo ya Nebula na ya Hugo, tuzo kubwa za fantasia na hadithi za kisayansi. Msichana wa Kihimba, watu wa Namibia, ni hodari wa hesabu, na anatoroka kwao alfajiri kwenda kusoma chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Amejipaka otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, mwilini na kwenye misuko. Mistari ya misuko yake imepangwa kihesabu na inabeba habari za ukoo wake, kwa anayejua kuisoma. Akiwa kwenye foleni ya safari, mwanamke wa watu wengine anamvuta msuko bila kumwomba.

Tulipofika hapo mikono yetu yote ilisimama. Dada mmoja anayefanya kazi kwenye hoteli ya watalii akasema, "Mimi watalii hunishika hivyohivyo, halafu wananiuliza kama ni zangu." Mwingine akataka turudie pale kwenye mistari ya misuko, polepole, kisha akaniuliza kama naweza kumsukia kitu cha namna hiyo. Tulichora kwanza kwenye karatasi, pembetatu juu ya pembetatu, ndipo nikachukua kitana. Sijawahi kusuka kichwa kwa furaha kama kile.

Usiamini jalada. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, alimwandika mchawi wake Ged mwaka 1968, katika riwaya A Wizard of Earthsea, akiwa na ngozi ya rangi ya shaba iliyokoza, na rafiki yake wa karibu ni mweusi kabisa. Hata hivyo kwa miaka mingi majalada yalimchora mweupe, na filamu ya televisheni ya 2004 ikampa mwigizaji mweupe. Mwandishi mwenyewe alilalamika hadharani. Kwa hiyo nikipata kitabu kigeni kwa wauza mitumba, naruka picha, nafungua katikati na kutafuta maelezo ya watu.

Riwaya zetu pendwa nazo zinahitaji jicho hilohilo. Nampenda Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960. Nampenda Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, kwa kasi yake. Msomaji wetu akifika kwenye mapigano hata maji ya kuoshea nywele yanapoa. Lakini wanawake wengi wa riwaya za kijasusi huingia chumbani ili wasifiwe umbo, kisha mlango unafungwa. Dada wa kazi analeta juisi na hatumwoni tena. Mmaasai yuko getini na rungu lake, hana hata jina. Na wateja wangu wa Jumapili ni dada wa kazi wenyewe, siku yao ya mapumziko. Wanasikia.

Kwa mtu wa namna hiyo tuna maswali matatu: ana jina? Ana mama? Anataka nini? Tunayauliza sura ikishaisha, kamwe si katikati, maana hadithi ikikatwa kila dakika inakufa. Mara nyingine tunamaliza sura wenyewe: yule dada aliyeleta juisi alisikia nini pale mlangoni, naye alifanya nini? Kuna jioni tulimtungia safari yake yote, na ikawa nzuri kuliko ya mpelelezi.

Jambo moja siwezi kulipitia haraka. Fantasia ina mazoea ya kumpa mwovu ngozi nyeupe kama karatasi, nywele nyeupe na macho mekundu. Nchi hii watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu ya imani za uchawi, kwa hiyo kwetu hilo si pambo la hadithi. Nina mteja mwenye ualbino. Tulipokutana na kiumbe wa aina hiyo kitabuni, msomaji alitaka kuruka kurasa. Yeye akakataa, akasema tuendelee aone kama mwandishi atampa yule kiumbe hata neno moja la kusema. Hakumpa. Tukakiacha kitabu, na yeye ndiye aliyechagua kilichofuata. Mwachie uamuzi huo mtu anayeguswa, usimwamulie kwa huruma.

Kuhusu vitabu vya Kiingereza, anayesoma akichukue nyumbani jioni ya kabla, akipitie, ajue atakavyosema kwa Kiswahili. Kesho yake asimulie aya kwa aya, bila kufuata sentensi. Majina ya watu na ya miji yabaki yalivyo. Manuizi ya kichawi nayo yabaki, yanapendeza hivyohivyo bila kueleweka. Pale penye vita virefu fupisha. Penye chakula, mavazi na ugomvi wa ndugu, usifupishe hata kidogo.

Vitabu tunaazima Maktaba ya Mkoa hapa mjini, ambako uanachama ni wa kila mtu, au tunachangishana kununua. Watoto wakiwepo, hatusomi za mapenzi. Mtu akichoka na kitabu aseme, na wawili wakisema tunakibadilisha.

Kila kitabu kina karatasi ndani yake, ambapo msomaji anaandika mistari miwili ya yaliyotokea siku hiyo. Aliyesukwa Alhamisi akirudi kufumua baada ya wiki kadhaa anasomewa karatasi hiyo kwanza, kisha anaulizwa yeye angefanya nini, na hapo ndipo tunafungua ukurasa mpya.