Namna ya Kulinganisha Filamu Mbili za Picha Nyeusi na Nyeupe

Mpiga picha anayesafisha filamu zake mwenyewe husikia mara nyingi kwamba Kodak Tri-X 400 ina weusi mzito na kwamba Ilford HP5 Plus ni laini zaidi, lakini kauli hizo hazimfai mpaka ajaribu filamu zote mbili kwa mandhari ile ile, dawa ile ile na karatasi ile ile.

Fungia kamera kwenye tripodi, mbele ya mandhari isiyotikisika, kwenye mwanga usiobadilika: weka kitambaa cheupe ambacho nyuzi zake zinaonekana, na kivulini weka kitambaa cheusi. Kwa kila filamu piga picha tatu, kwa ISO (kipimo cha kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga) 200, 400 na 800, ukibadilisha kasi ya shata pekee na kuliacha tundu la lenzi lilivyo.

Dawa iwe moja, ila dakika zisiwe sawa. Mimi niliwahi kuzisafisha kwa muda mmoja, nikailaumu filamu kwa kosa langu. Katika D-76, dawa ya kusafishia filamu ya Kodak, isiyoongezwa maji, kwa nyuzijoto 20, HP5 Plus huhitaji takriban dakika 7 na nusu, na Tri-X dakika 6 na robo tatu. Kwa kuwa maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa huwa na joto kuliko hapo, weka chupa za dawa na tangi ndani ya beseni la maji yenye barafu, na upime joto la dawa yenyewe.

Kazi inayoamua ni ya kuchapa, na hapa usiharakishe. Kwa kuwa plastiki ya kila filamu ina rangi yake, chukua kipande chake kitupu kilichosafishwa, ukitumie kufunika nusu ya karatasi ya picha, kisha iangazie karatasi hatua kwa hatua. Karatasi ikishasafishwa na kukauka, tafuta muda mfupi kabisa ambao weusi chini ya filamu hautofautiki na weusi wa karatasi iliyoachwa wazi. Kwa muda huo, bila kubadilisha urefu wa mashine ya kukuzia, chapa zile picha tatu. Picha ambayo mikunjo ya kitambaa cheusi inaanza kuonekana ndiyo inayokuonyesha kasi halisi ya filamu hiyo mikononi mwako. Ikiwa katika picha hiyo nyuzi za kitambaa cheupe zimepotea, punguza muda wa kusafisha kwa asilimia 10 hadi 15. Zikiwa za kijivu, uongeze.

Baada ya hapo tu ndipo ukuze sehemu ile ile ya picha hadi sentimita 30 kwa 40 na kulinganisha chembe, yaani vidoadoa vya filamu vinavyoonekana picha ikikuzwa. Ukiingiza filamu nyingine kama Ilford Delta 400 au Kodak T-Max 400, ambazo fuwele zake zinazopokea mwanga ni bapa, utaona chembe ndogo zaidi, lakini kosa dogo la joto au dakika huonekana haraka, na T-Max hutaka kukaa zaidi katika fiksa, dawa inayoimarisha picha isiharibiwe na mwanga. Kwa jua kali la mchana wa pwani, mimi huchagua HP5 Plus iliyopigwa kwa ISO 200 na kusafishwa kwa muda uliopunguzwa, kwa sababu uso wa mtu aliyeketi barazani hubaki na maelezo yake huku kanzu nyeupe ikionyesha mikunjo.